Kabla ya kupunguza jua, watu wa mwaloni waulizwe

Wapo wanasayansi wanaojadili kupunguza mwanga wa jua unaoifikia dunia kwa kumwaga chembechembe za salfa juu sana angani, kwa kuiga mlima Pinatubo wa Ufilipino, ambao mlipuko wake wa mwaka 1991 uliipoza dunia kwa takriban nusu ya digrii. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba mwaka uliofuata mvua nazo zilipungua katika maeneo mengi ya nchi kavu. Kwa Ziwa Victoria, linalopata takriban asilimia 80 ya maji yake kutokana na mvua inayolinyeshea moja kwa moja, hilo si la kuwaachia watu wa maabara peke yao; linawahusu pia watu wa mwaloni, yaani wa mahali mitumbwi inaposhusha samaki.

Kanda ya Ziwa tumeshaonja maamuzi ya namna hiyo. Sangara alipandikizwa katika ziwa hilo kuanzia miaka ya 1950, kwa mipango ya wakubwa, na baadaye aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, zikatoweka. Viwanda vya minofu vilikuja na ajira zake, minofu ikasafirishwa Ulaya, na mlaji wa kipato cha chini akabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki baada ya minofu kutolewa. Sisemi sangara ni laana (nani atathubutu kusema hivyo Mwanza?), ila samaki akishaingia ziwani hatolewi.

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walitaka kurusha puto karibu na Kiruna, Sweden, kwa ajili ya kupima tu mitambo ya utafiti wa kupunguza jua. Baraza la Wasami, wenyeji wa huko, lililalamika kwamba hawakushirikishwa, na jaribio likasitishwa.

Mawaziri wa mazingira wa Afrika walitaka mwaka 2023 teknolojia hizi zisitumike. Nawaunga mkono, ingawa hata kukataa kwa niaba yetu kungepaswa kuanzia kwetu.

Husemwa kwamba mambo haya ni ya kitaalamu mno. Mama anayeanika dagaa Igombe, Mwanza, anajua kwamba mvua ikiwakuta mchangani, dagaa wa kuliwa na watu huishia kuuzwa kuwa chakula cha kuku; hahitaji kusoma kemia ili aulize nani atamfidia misimu ikivurugika. Basi vikao viitishwe mialoni kupitia BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za uvuvi), wakati wa mbalamwezi ambapo wavuvi wa dagaa wako nchi kavu, kabla puto la kwanza halijaombewa kibali.