Rais Kaondoka, Nidhamu Imebaki

Kaulimbiu iliyoimbwa Tunis, Cairo, Benghazi ya Libya na Daraa ya Syria mwaka 2011 ilikuwa moja: ash-shaab yurid isqat an-nidham. Wananchi wanataka utawala uangushwe. Mswahili atalitambua neno la mwisho. Ni nidhamu yetu hii hii, ila kwetu imebaki ya shuleni na jeshini tu. Kwa Waarabu linabeba mfumo mzima: rais na familia yake, polisi wa siri, chama, majenerali na viwanda vyao. Naona ubishi wote kuhusu mapinduzi yale ya nchi za Kiarabu, kama yalikuwa neema au balaa, unazunguka hapo. Watu walidai nidhamu ianguke. Kilichoanguka, karibu kila mahali, ni rais.

Tukitafuta chanzo, njaa hutajwa kwanza, na si uongo. Agosti 2010 Urusi, baada ya ukame na moto, ilipiga marufuku kuuza ngano nje, na Misri ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa ngano duniani. Huko mkate huitwa aish, yaani maisha. Lakini Libya ilikuwa na mafuta tele, na uchumi wa Tunisia ulikuwa ukisifiwa na wakubwa wa fedha duniani. Mohamed Bouazizi, aliyejiwasha moto Sidi Bouzid, Tunisia, tarehe 17 Desemba 2010, alikuwa na riziki yake ya mkokoteni wa matunda. Maofisa wa manispaa walimnyang'anya bidhaa na mizani, na alipokwenda kulalamika hakusikilizwa. Mmachinga aliyewahi kukimbizana na mgambo hahitaji kuelezwa hasira ile. Watunisia wenyewe waliyaita mapinduzi ya karama, wakimaanisha heshima ya mtu.

Kulikuwa pia na kero ya urithi. Hafez al-Assad alipofariki mwaka 2000, Bunge la Syria lilibadili katiba haraka haraka: umri wa chini wa rais ukashuka kutoka miaka 40 hadi 34, umri ule ule aliokuwa nao mwanawe Bashar. Misri walimtazama Gamal, mwana wa Rais Hosni Mubarak, akipandishwa ndani ya chama cha baba yake na kuelewa kinachokuja. Libya na Yemen nako majina ya wana wa wakubwa yalikuwa yakitajwa. Na hizi zilijiita jamhuri.

Sasa matokeo. Wanaosema balaa wana ushahidi wa kutosha. Syria, Umoja wa Mataifa ulikadiria raia zaidi ya 300,000 waliouawa katika miaka kumi ya mwanzo. Yemen, Ali Abdullah Saleh aliachia urais akiwa na kinga ya kutoshtakiwa, akarudi kwa mlango wa nyuma kushirikiana na waasi wa Kihuthi, na mwaka 2017 wakamuua wao wenyewe. Libya iligawanyika mikononi mwa wanamgambo, na silaha zake zikavuka jangwa hadi Mali.

Vijiweni kwetu hoja hii huwa kali zaidi akitajwa Gaddafi: alijenga misikiti, aliipenda Afrika, NATO ikamuua. Kweli, azimio la Umoja wa Mataifa la Machi 2011 lilihusu kulinda raia, nalo likageuzwa kuwa leseni ya kumng'oa. Lakini wazee wa Tanzania wanakumbuka pia askari wa Libya waliotumwa kumpigania Idi Amin mwaka 1979. Na Wabenghazi hawakuamshwa na NATO. Waliandamana baada ya kukamatwa wakili wa familia za wafungwa waliouawa gereza la Abu Salim mwaka 1996, wafungwa wanaokadiriwa kuzidi 1,000. Kwa miaka 42 Gaddafi hakuruhusu chama cha siasa, na jeshi alilidhoofisha kwa makusudi lisije likampindua. Alipoondoka hapakuwa na chombo cha kushika nchi.

Hapo watetezi wa mapinduzi husema: basi lawama ni za madikteta. Nakubali nusu. Jibu hilo haliielezi Tunisia, iliyokuwa na chama cha wafanyakazi chenye nguvu, mawakili waliojipanga, katiba mpya ya 2014, hata Nobeli ya Amani ya 2015. Tarehe 25 Julai 2021 Rais Kais Saied alisimamisha Bunge, na watu wakatoka mitaani kushangilia. Miaka kumi ya kura haikuwa imeleta ajira, na vyama vilikuwa vikigombana tu. Mwaka 2024 Saied alitangazwa mshindi kwa asilimia 90, huku waliojitokeza kupiga kura hawafiki hata theluthi.

Misri ndiyo iliyoonyesha wazi zaidi nidhamu ni nini. Februari 2011 watu walipanda juu ya vifaru kuwakumbatia askari kwa sababu jeshi lilimwacha Mubarak aanguke. Jeshi lile lile, Julai 2013, lilimtoa Rais Mohamed Morsi aliyechaguliwa kwa kura, tena umati mkubwa ukipiga makofi. Mwezi uliofuata, katika uwanja wa Rabaa jijini Cairo, wafuasi wake kwa mamia waliuawa kwa siku moja.

Wasudani walilisoma somo hilo. Walipoanza kuandamana Desemba 2018, mkate ukiwa umepanda bei, wimbo wao ulikuwa tasgut bas: ianguke, basi. Rais Omar al-Bashir alipong'olewa tarehe 11 Aprili 2019 hawakurudi nyumbani. Waliendelea kukaa mbele ya makao makuu ya jeshi Khartoum wakiimba tasgut tani, ianguke tena, na jenerali aliyechukua nafasi akajiuzulu kesho yake. Tarehe 3 Juni wakapigwa risasi pale pale, wengine maiti zao zikatupwa Nile. Aprili 2023 jeshi na kikosi cha wanamgambo cha RSF, ambacho Bashir alikilea kimlinde yeye, vikageuziana mitutu, na makao makuu yale yakawa miongoni mwa maeneo ya kwanza kushambuliwa.