Gari la mtoto lisichajiwe usiku

Juni, baridi ya Uyole, Mbeya, ikiwa imekolea, nilifika kwa dada yangu saa mbili usiku nikakuta gari la kuchezea la betri la mpwa wangu limewekwa kando ya jiko la mkaa, linachaji. Waya wa chaja umepita chini ya zulia. Chumba kizima kinanuka mayai viza. Nilichomoa kwanza, salamu zikafuata.

Dada alinieleza kwamba betri haikamati chaji kwenye baridi, ndiyo maana wanaipasha moto. Simlaumu. Kweli betri hupungua nguvu kukiwa na baridi, na huku kwetu Nyanda za Juu gari lililokwenda vizuri Machi, ikifika Julai linaweza kuchoka upesi. Lakini jiko la mkaa ni jambo la kutisha mno. Mengi ya magari haya yana betri ya risasi na asidi iliyozibwa. Ikichajiwa kupita kiasi, maji yaliyo ndani yake huvunjika na kutoa hidrojeni, gesi inayoweza kuwaka ikifika asilimia 4 tu ya hewa. Ile harufu ya mayai viza ni betri iliyokwisha kuchemka. Na makaa mekundu yalikuwa hatua moja tu kutoka hapo, mtoto kalala chumba cha pili.

Nikaitazama chaja. Haikuwa yake. Ya asili iliungua, fundi akawapa nyingine, ya betri za magari makubwa, kwa kuwa nayo ni ya volti 12. Volti kulingana ndiko kunakotuponza wengi. Betri ya mpwa wangu imeandikwa volti 12, ampea-saa 7, yaani kiasi cha chaji inachobeba. Hiyo inatosheka na ampea moja hivi, mbili ndio mwisho; chaja ya gari kubwa inaweza kuisukumia ampea 10. Tafadhali, kabla ya kununua chaja soma namba zote mbili, ya volti na ya ampea, na hakikisha chanya na hasi hazijageuzwa kwenye plagi.

Kwa chaja sahihi betri huchukua kama saa 8 hadi 12 kujaa, na hapo ndipo watu wanaposema, basi tuiache usiku kama simu. Napinga kabisa. Simu hujikatia chaji yenyewe ikijaa. Chaja nyingi za bei nafuu za magari haya hazijikatii. Mtoto akienda shule saa moja asubuhi, chomeka. Saa kumi jioni, chomoa. Awepo mtu mzima nyumbani, gari liwe kwenye sakafu tupu ya saruji, dirisha wazi, mbali na jiko, godoro na mapazia. Kama lililala nje kwenye baridi, liingizwe ndani lipoteze ubaridi wake taratibu kabla ya kuchajiwa. Betri iliyovimba au inayovuja isichajiwe tena hata kidogo.

Anayeogopa Luku atulie: volti 12 mara ampea-saa 7 ni wati-saa 84, haifiki hata sehemu ya kumi ya yuniti, ambayo ni wati-saa 1,000. Ongeza umeme unaopotea njiani, bado hufiki robo ya yuniti.

Kuna na kosa la kimyakimya. Gari linachezewa Krismasi mpaka linazima, linatupwa stoo, linakumbukwa Pasaka. Betri ya risasi ikikaa tupu hivyo, sahani zake za ndani hujaa ukoko mgumu wa salfeti na haipokei chaji tena. Ichaji kila baada ya kuchezewa, na hata ikikaa tu, mara moja kwa mwezi.

Wanaonunua magari ya mtumba pale Mwanjelwa nawaomba wadai chaja yake palepale, au washushe bei kwa kiasi cha kununulia inayolingana. Dada alishapata ya ampea moja. Ameitundika msumarini, juu, mpwa wangu asikofikia. Akitaka gari lichajiwe, anamwita mama.