Pir Sultan Abdal: mtu mmoja au sauti ya wengi?

Waalevi wa Uturuki, jamii ya dini inayomtukuza Imam Ali, humhesabu Pir Sultan Abdal miongoni mwa washairi wakuu saba wa njia yao. Kwa mapokeo, alitoka Banaz, kijiji cha mkoa wa Sivas, akaishi karne ya 16, akanyongwa Sivas kwa amri ya liwali Hızır Paşa, aliyewahi kuwa mfuasi wake. Husimuliwa kwamba Paşa alitaka aimbe tungo tatu zisizomtaja Shah (yaani mfalme), ndipo amwachie. Aliimba tatu, na zote zikamtaja.

Wanaosema huyu ni mtu mmoja wana ushahidi ndani ya tungo zenyewe: "Hızır Paşa bizi berdar etmeden / Açılın kapılar Şah'a gidelim", yaani kabla Hızır Paşa hajatutia kitanzi, fungukeni milango twende kwa Shah. Kinachowasumbua ni tarehe. Walioitwa Hızır Paşa ni zaidi ya mmoja, hivyo wengine huweka kifo chake miaka ya 1550 au 1560, wengine karibu na 1590. Hati ya serikali ya kumaliza ubishi haijulikani.

Mtafiti İbrahim Aslanoğlu, kwa upande wake, alitenganisha washairi sita nyuma ya jina hilo. Si dai la ajabu. Mistari mingi ina mizani 11, ikigawanyika 6 na 5, na ubeti wa mwisho hubeba jina la mtunzi, desturi wanayoijua hata wapenzi wa mashairi yetu. Sasa hesabu: "Pir Sultan Abdal'ım" ni mizani sita kamili. Mwimbaji aliyemsahau mtunzi, au aliyetaka utungo wake upokelewe, angeweza kulichomeka jina hilo na saz, ala yake ya nyuzi, isiyumbe hata kidogo. Kwa hiyo jina katika ubeti wa mwisho, peke yake, halithibitishi kitu.

Ubishi mkali zaidi ni wa Shah mwenyewe. Je, ni mfalme wa Kisafawi wa Iran, adui wa Dola ya Uthmania, au ni Imam Ali? Waliomfanya shujaa wa mapambano, hasa mrengo wa kushoto wa miaka ya 1960 na 1970, waliona uasi kila mahali. Wanaomtaka awe sufi tu husoma Ali kila mahali. Wote wanapunja. Utungo mmoja husema imamu mzuri wa kizazi cha Ali anakuja, ameshaanza kuiendea nchi ya Rum, yaani Anatolia. Wasafawi walijinasibisha na kizazi hicho hicho, kwa hiyo hapo dini na siasa haziachani. Na tungo hizi bado huimbwa kwenye cem, ibada ya Waalevi, si mikutanoni tu.

Tarehe 2 Julai 1993, umati ulichoma hoteli ya Madımak mjini Sivas wakati wa tamasha lenye jina la Pir Sultan. Wageni 33 wa tamasha na wafanyakazi wawili wa hoteli waliuawa, akiwemo Asım Bezirci, mhakiki aliyeandika kitabu juu ya Pir Sultan. Tangu hapo kuhoji kama mshairi alikuwa mmoja huwachoma wengi kama tusi, nami naelewa. Hata hivyo hoja ya Aslanoğlu haimfuti aliyenyongwa. Inamwachia tungo chache zilizo karibu na kitanzi, na nyingine inawarudishia waliozitunga kwa jina lake.