Reli ya kupinda haina kosa

Nilipoanza kujenga reli ya mfano, treni yangu ilikuwa na mahali pake pa kuanguka. Ilikuwa katikati ya kona kubwa, pale vipande viwili vya reli vilipoungana, na kila mara ilikuwa pale pale. Nikaamua kwamba reli za kupinda, zile unazozikunja mwenyewe, ni za mafundi waliobobea, nikakaribia kurudia vile vipande vifupi vinavyotoka kiwandani vikiwa vimeshakunjwa. Kumbe nilikuwa naisingizia reli. Mimi ndiye niliyekuwa nakunja kwanza na kuunga baadaye.

Kipande kimoja cha reli hizi kwa kawaida kina urefu wa sentimita 91 hivi, reli mbili zikiwa zimeshikwa na mataruma ya plastiki, yaani vile vipande vilivyokingama chini ya reli, yanayoweza kusogeleana na kuachana. Ukikunja, reli ya ndani inapita njia fupi kuliko ya nje, kwa hiyo ncha yake inachomoza. Kwa kipimo cha HO, mojawapo ya saizi za treni za mfano, ambacho upana wa njia yake ni milimita 16.5, kona ya robo duara huitoa ncha hiyo kwa milimita 26 hivi, iwe kona pana au finyu. Hapo ndipo wengi hukata haraka, wakasukumia vibati vya kuungia, wakapigilia misumari. Mimi pia.

Tatizo ni kwamba reli iliyokunjwa inataka kunyooka, na inanyookea nchani. Ncha mbili zinazokutana kwenye kona, kila moja ikivuta kwake, hufanya pembe. Kibati chembamba hakina nguvu ya kuizuia. Gurudumu likifika hapo linapanda.

Kwa hiyo naunga kwanza, vipande vikiwa vimenyooka juu ya meza. Naondoa mataruma mawili matatu nchani ili vibati viingie, nasugua chuma kwa tupa mpaka king'ae, napaka dawa ya kulehemu, kisha pasi ya kulehemu iliyopata moto sawasawa inagusa na kutoka. Pasi isiyo na moto wa kutosha ndiyo huyeyusha plastiki, kwa sababu utakaa nayo hapo muda mrefu. Ikipoa, nakunja vyote viwili kama kipande kimoja, na ziada ya reli ya ndani inatokea mwisho kabisa, ambako naikata. Mataruma niliyoyaondoa nayapunguza vishikio vyake na kuyapenyeza tena chini ya reli.

Kuna wanaolehemu kila kiungo kwenye mpangilio mzima. Sikubaliani nao. Joto likipanda nyuzi 20 za Selsiasi, mita moja ya reli ya aloi ya shaba, nikeli na zinki hurefuka kwa theluthi moja hivi ya milimita. Hicho ni kidogo, lakini mbao zilizo chini nazo hunywa unyevu na kukauka, nazo ndizo sumbufu zaidi. Sehemu zilizonyooka naziachia pengo la unene wa kadi, na kila kipande kina nyaya zake za umeme, maana kibati kisicholehemiwa si cha kutegemewa kupitisha umeme miaka nenda rudi.

Misumari karibu nimeacha kabisa kuitumia. Ukiugongomea mmoja kupita kiasi katikati ya taruma, taruma linabonyea na njia inabana kidogo, kiasi ambacho jicho halioni ila magurudumu yanaona. Gundi laini iliyopakwa nyembamba inatosha, na siku ukijuta unapenyeza kisu chini ya mataruma na kuing'oa reli ikiwa nzima.

Lawama moja naikubali: reli hii inakubali kila ujinga wako. Ukitaka kona finyu kupita kiasi, itakupa. Ndiyo maana kabla ya gundi nakunja ufito mwembamba wa mbao na kuchora mstari kuufuata, kwa kuwa ufito huingia konani taratibu, kama reli za kweli, badala ya kukata ghafla kutoka mnyoofu. Baada ya hapo nainama jicho langu liwe usawa wa reli, naangalia kwa urefu, kisha nasukuma behewa refu kuliko yote nililonalo, kinyumenyume, polepole, kwa kidole kimoja. Gundi inasubiri mpaka lipite mara kumi bila kushtuka.