Kilichokatwa kinakwenda wapi?

Ninayo picha ya shangazi yangu ambayo shangazi hayumo. Umebaki mkono wake tu: vidole vinne juu ya bega langu, na kimoja kimevaa pete nyembamba. Miaka kadhaa iliyopita nilitaka picha ya wasifu, nikafungua ile tuliyopiga wawili, nikavuta ukingo wa fremu mpaka uso wangu ukakaa katikati, nikahifadhi. Programu ikaniuliza kama faili jipya lichukue nafasi ya lile la zamani. Nikakubali bila kusoma. Siku ile hatukupiga picha nyingine, na shangazi hayupo tena duniani.

Tangu hapo nina msimamo mmoja, na nautetea kila panapozungumzwa uhariri wa picha. Kukata picha, au kukropu kama wengi wetu tunavyosema, ndiyo kazi nzito kuliko zote zilizomo kwenye programu hizi, nasi tunaifanya kama nyepesi kuliko zote. Ukiongeza mwanga, waliokuwamo bado wamo. Ukibadili rangi, wamo. Ukikata, kuna mtu au kitu kinatolewa nje. Kwa hiyo kabla sijajiuliza kama picha itapendeza, najiuliza: hicho kinachotoka kinakwenda wapi?

Jibu linategemea programu unayotumia. Lightroom haiigusi picha yenyewe. Inaandika tu maelekezo kwamba mipaka iwe hapa na hapa, na hata ukirudi baada ya miaka mitano, ukibonyeza R utaikuta picha nzima inakungoja, sehemu ya nje imefifia tu. Photoshop inahitaji uangalifu zaidi. Ukishaichukua zana ya kukata kwa herufi C, tazama ule mstari wa vitufe ulio juu. Kuna kisanduku kidogo kinachohusu kufuta pikseli zilizokatwa, yaani zile nukta ndogo zinazoiunda picha. Kikiwa na alama ya vema, ukithibitisha tu, zimefutwa. Ukiiondoa alama hiyo, pikseli zinajificha nje ya mipaka na unaweza kuzirudisha siku yoyote, mradi umehifadhi kwa PSD, aina ya faili ya Photoshop yenyewe. JPEG, aina ya faili la picha tuliyoizoea, haina mahali pa kuzificha. GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, nayo ina kisanduku cha namna hiyo hiyo. Kwenye kompyuta yangu visanduku hivyo viko tupu, na nakagua kila ninapofungua programu upya.

Lakini kuna balaa la upande wa pili: kilichokatwa kinabaki wakati ulitaka kiondoke. Machi 2023 watafiti wa usalama walionyesha kwamba zana ya kuhariri picha za skrini kwenye simu za Google Pixel ilikuwa inaandika picha iliyokatwa juu ya faili la zamani bila kulifupisha faili lenyewe. Mkia wa picha ya mwanzo ulibaki humo, na mtu mwenye ujuzi aliweza kufufua sehemu yake. Hitilafu hiyo ilikuwapo tangu 2018. Siku chache baadaye ikabainika kuwa zana ya kunasa skrini ya Windows 11 ilikuwa na ugonjwa ule ule. Mfikirie mtu aliyekata namba za kadi yake ya benki, akatuma picha huku moyo umetulia.

Na wala si lazima pawe na hitilafu. Ukikata picha ndani ya Word au PowerPoint, sehemu uliyoikata kwa kawaida inaendelea kukaa ndani ya waraka mpaka uagize ifutwe. Anayeupokea anavuta ukingo, na kila kitu kinarudi. Kama unakata ili kuficha, basi kata kwenye programu ya picha, toa faili jipya, ndilo uliweke kwenye waraka.

Nisieleweke vibaya: naipenda zana hii. Picha ya Che Guevara inayojulikana kuliko zote, ile ya bereti, Alberto Korda aliipiga Havana tarehe 5 Machi 1960. Kwenye negativu kuna mwanamume upande mmoja na matawi ya mti wa jamii ya mitende upande wa pili. Korda akavitoa vyote viwili. Katika picha nzima unamwona mtu aliyehudhuria hadhara. Katika ile iliyokatwa unayaona macho yake, na huwezi kuyakwepa. Ni ukataji wa mtu aliyejua anachokitafuta. Negativu ilibaki nzima, ndiyo maana leo tunaweza kuziweka picha mbili sambamba tukaona alichokifanya.

Januari 2020, huko Davos nchini Uswisi, Vanessa Nakate wa Uganda alipigwa picha pamoja na wanaharakati wenzake wanne wa mazingira, akiwamo Greta Thunberg. Shirika la habari la Associated Press likaisambaza picha bila yeye. Wakabaki wale wanne, wote weupe. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba jengo lililokuwa nyuma yake lilivuruga mpangilio wa picha, na shirika likaomba radhi. Hata nikiyapokea maelezo hayo yalivyo, bado yananiuma. Maana yake ni kwamba wakati wa kukata, jengo lilionekana na mtu hakuonekana. Alikuwa amesimama ukingoni, basi. Kila anayeshika zana ya kukata huanzia ukingoni, kwa hiyo huko ndiko jicho linapaswa kukaa muda mrefu zaidi.

Mimi sasa kabla ya kuthibitisha nazunguka pande zote nne polepole. Nani ameguswa na mstari? Kuna kiungo kilichokatwa? Mstari ukipita kwenye kifundo cha mkono au kwenye goti, mtu anaonekana kama amekatika. Upeleke katikati ya paja au juu kidogo ya kiuno. Anayetazama kando naye mwachie nafasi upande anaoutazama.

Halafu kuna hesabu, ambayo wengi huigundua siku ya kusafisha picha. Picha ya megapikseli 24, yaani pikseli milioni 24, huwa na pikseli 6000 kwa 4000. Ukibakiza nusu ya upana na nusu ya urefu, unapata 3000 kwa 2000, yaani megapikseli 6. Umebaki na robo. Kwa pikseli 300 kila inchi, hiyo inatoa karatasi ya kama sentimita 25 kwa 17, inayotosha albamu vizuri sana lakini si bango la ukutani. Na ukiagiza karatasi ya sentimita 20 kwa 25, uwiano wake wa upana na urefu haulingani na wa picha ile nzima: ili ijae, zile pikseli 6000 za upana lazima ziwe 5000. Usipokata mwenyewe, mashine itakukatia, kwa kawaida 500 kila upande, bila kujua kama pale pembeni amesimama mama mzazi wa bibi harusi. Ndiyo maana nafunga uwiano mapema, nachagua mwenyewe, na nakala iliyokatwa naipa jina lake ikae kando ya ile nzima.

Ile picha ya bega bado naitumia. Rafiki mmoja alinishauri nivute ukingo kidogo tu, ule mkono utoke, picha ionekane safi. Nilifungua zana, nikavuta, vidole vikafifia nje ya mstari, pete ikawa ya mwisho kutoka. Nikabonyeza Esc.