Chini ya bango la marufuku

Ukitaka kujua watu wanatupa taka wapi, tafuta bango linalosema ni marufuku kutupa taka. Chini yake utakuta gunia la vifusi, godoro lililochanika, sinki lililopasuka katikati na mifuko ambayo mbwa wameshaifumua. Bango limesimama juu ya vyote hivyo kama mwenyeji anayepokea wageni.

Mjadala wa taka za kando ya barabara umekaa miaka mingi kati ya kambi mbili. Moja inasema watu hawana adabu, kwa hiyo ongeza faini, funga kamera, kamata. Nyingine inauliza: watupe wapi, na wewe hukuwawekea pipa? Kila kambi ina hoja, ila naona mara nyingi hawabishani juu ya kitu kimoja. Anayerusha chupa dirishani gari likiwa mwendoni na anayeshusha vifusi vya pikapu nzima usiku wa manane tunawaita kwa jina moja. Wa kwanza anaokoa usumbufu wa dakika mbili. Wa pili anaokoa pesa, na kwake hiyo ni kazi.

Watetezi wa adhabu hupenda kuitaja Singapore, na wana haki. Kampeni ya usafi ilianza kule mwaka 1968, faini zikafuata, na tangu 1992 mtu anayekamatwa akitupa taka anaweza kuamriwa avae fulana ya kazi na kufagia hadharani. Aibu ina nguvu yake. Wanachosahau kukitaja ni wafagiaji wanaopita kila alfajiri kabla wengine hawajaamka. Ni vigumu kusema usafi ule umeletwa na hofu kiasi gani, na ufagio kiasi gani.

Shida ya faini barabarani ni kwamba hakuna anayeona. Gari linapita kwa kasi gizani, mkono unatoka, mkono unarudi. Kupandisha faini mara kumi hakumwogopeshi mtu anayejua kwamba hatakamatwa, na faini ikiwa kubwa mno askari mwenyewe huona haya kuiandika, au huona nafasi ya kujadiliana. Kinachotisha ni uhakika wa kunaswa. Kwa mrusha chupa uhakika huo ni karibu haupo.

Basi mapipa? Hapa kambi ya pili inakutana na Tokyo. Baada ya shambulio la gesi ya sumu ya sarini kwenye treni za chini ya ardhi, Machi 1995, mapipa mengi ya mitaani na vituoni yaliondolewa kwa sababu za usalama. Jiji halikugeuka jalala. Watu walibeba taka zao mpaka nyumbani. Na pipa lisilozolewa kwa wakati ni balaa kuliko kutokuwa na pipa: likishajaa, mifuko hupangwa pembeni yake, na anayekuja nyuma anaona hapa ndipo pa kuweka.

Hilo la "hapa ndipo pa kuweka" lina uzito kuliko tunavyodhani. Mwaka 2008 watafiti wa Groningen, Uholanzi, walichapisha matokeo ya jaribio dogo. Walifunga vikaratasi kwenye usukani wa baiskeli zilizoegeshwa uchochoroni, mahali pasipo na pipa. Ukuta ulipokuwa safi, asilimia 33 ya wenye baiskeli walivitupa chini. Ukuta ulipochorwachorwa, wakawa asilimia 69. Na bango la kukataza kuchora ukutani lilikuwepo mara zote mbili. Bango linalovunjwa mchana kweupe linamwambia mpita njia kwamba hapa amri hazifuatwi. Ndiyo maana siwaamini wanaodhani kazi imekwisha wakishapigilia kibao.

Kwa hiyo wapo wanaosema dawa ni kuzoa haraka. Wapinzani wao wanajibu kwamba huko ni kumpa mtupaji huduma ya bure: yeye anashusha, umma unalipia lori. Jibu hilo ni la kweli kwa vifusi. Kwa vipisi vya sigara na vikopo naona halina nguvu, maana gharama ya kuacha ni kubwa kuliko ya kuokota. Kikopo kilichofichwa na majani hukatwa na mashine ya kufyekea kikawa vipande vyenye makali, chakula cha ng'ombe kikageuka wembe. Mifuko huziba kalvati, maji yanapanda juu ya lami, na lami ikilowa inaanza kuvunjika kutoka ukingoni. Mwisho wake fundi barabara ndiye analipwa kuondoa kilichomshinda mfagiaji.

Tena si kila taka imerushwa kwa kiburi. Nyingine zimepeperuka kutoka kwenye lori lisilofungwa turubai. Na vichaka vya barabara kuu huficha chupa zenye kimiminika cha manjano ambacho si juisi: dereva wa masafa marefu, ratiba imembana, choo hakipo. Mhubirie adabu mpaka uchoke.

Turudi kwa mwenye pikapu, maana hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu. Mwaka 1992 mji wa Charlottesville, Virginia, ulianza kutoza senti 80 kwa kila mfuko wa taka. Wachumi Don Fullerton na Thomas Kinnaman walipima taka za kaya kabla na baada. Ujazo ulishuka kwa asilimia 37, lakini uzito kwa asilimia 14 tu, kwa sababu watu walishindilia mifuko yao ikabeba zaidi. Na walikadiria kuwa huenda asilimia 28 ya upungufu huo ilikwenda kutupwa kusikohusika. Uingereza nayo ilianza kutoza kodi ya kufukia taka mwaka 1996, pauni 7 kwa tani. Leo imepita pauni 100. Kodi ilipunguza kufukia, na hilo ndilo lilikuwa lengo. Lakini kila ilipopanda, aliyejitolea kubeba taka zako kwa bei ya chini alizidi kupata faida kwa kuzimwaga kwenye njia ya shambani, na sasa halmashauri za England huandika matukio zaidi ya milioni 1 ya utupaji haramu kwa mwaka.

Mtu huyo hana haja ya mahubiri wala pipa. Ninachokiona na maana ni mambo mawili kwa pamoja: mizigo midogo ya kaya ipokelewe dampo bila malipo, na aliyezalisha taka awajibike kujua zimekwenda wapi. England wanayo sheria ya namna hiyo, na wakaguzi hufungua mifuko wakitafuta bahasha yenye anwani. Wengine wataona ni uonevu, kwamba mwenye nyumba alilipa kwa nia njema. Huenda. Lakini aliyelipa nusu ya bei ya kawaida bila kudai hata risiti alikuwa na mashaka yake.

Kwa chupa, Ujerumani ina jibu tangu 2003: amana ya senti 25 za yuro, unarudishiwa ukirejesha chupa. Usiporejesha wewe, atainama mwingine. Haigusi godoro wala sinki, na wauzaji hulalamika kuhusu nafasi na mashine, lakini mrusha chupa hahitaji kukamatwa ili ifanye kazi.

Kuna kona ninayoipita kila asubuhi. Walikuja na greda wakazoa lundo lote, wakaacha bango. Siku ya tisa lilikuwepo gunia moja, limefungwa kamba vizuri, limeegemezwa kwenye nguzo. Lilikaa siku nne. Ya tano likapata sinki.