Baada ya uzamivu, nani anabaki ziwani?

Mwaka 2003 makala mbili kuhusu Ziwa Tanganyika zilichapishwa katika majarida ya Nature na Science. Zote mbili zilionyesha kwamba ziwa hilo liliongezeka joto katika karne ya 20, kwamba maji yake ya juu na ya chini yanachanganyika kwa shida zaidi, na kwamba virutubisho vinavyolisha viumbe vidogo vya majini havipandi tena kama zamani. Makala ya Nature ilikadiria kwamba uzalishaji wa msingi, yaani chakula kinachotengenezwa na mimea midogo ya majini, huenda ulipungua kwa takriban asilimia 20, jambo ambalo lingepunguza mavuno ya samaki kwa asilimia 30 hivi. Waandishi wa makala hizo mbili, ukiwajumlisha, ni wanane. Hakuna hata mmoja anayetoka Tanzania, Burundi, Kongo au Zambia.

Wanane hao hawana kosa, na kazi yao ni ya kupigiwa mfano. Hata hivyo, idadi hiyo ndiyo inayonijia kila ninaposikia mjadala wa vyuoni na wa ofisi za wafadhili kuhusu fedha chache zinazotolewa kwa ajili ya ikolojia ya maziwa na mito. Walio wengi wanataka zisomeshe watu zaidi ngazi za uzamili na uzamivu (PhD). Wachache, ambao sauti yao haifiki mbali, wanataka fungu litengwe kwa nafasi za utafiti za baada ya uzamivu, tena hapa hapa yalipo maziwa.

Hoja za walio wengi si za kupuuzwa. Shahada ya uzamili ya limnolojia (sayansi ya maziwa na mito) na usimamizi wa ardhioevu, inayoendeshwa kwa pamoja na Chuo Kikuu cha Egerton cha Njoro, Kenya, chuo kikuu cha BOKU cha Vienna na taasisi ya IHE Delft ya Uholanzi, inaonyesha kwamba mafunzo ya hali ya juu yanaweza kumfikisha mwanafunzi Ulaya na Njoro ndani ya programu moja, na fedha za kumlipa mtafiti mmoja mwenye uzamivu zingeweza kusomesha wengine kadhaa wa namna hiyo. Isitoshe, mkataba wa miaka miwili kwa mtu mwenye familia na wazazi wanaomtegemea ni sawa na kumning'iniza. Ulaya na Marekani wapo wengi waliozungushwa mkataba baada ya mkataba hadi wakaacha sayansi. Na kwa kuwa vyuo vyetu humpa mwenye uzamivu cheo cha Mhadhiri moja kwa moja, wanauliza, kwa nini acheleweshwe?

Swali ni zuri, ila linadhani kwamba Mhadhiri mpya atapata nafasi ya kufanya utafiti. Anachopewa ni madarasa yenye mamia ya wanafunzi, mitihani ya kusahihisha, na kamati ambazo wakubwa wake wamezichoka. Ziwa linabaki kuwa jambo la likizo, endapo mafuta ya boti yatapatikana. Na ziwa halina habari na kalenda ya chuo. Katika Tanganyika, pepo za kusini-mashariki huvuma kuanzia Mei hadi Septemba hivi, zikiyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na huku kusini maji baridi yenye virutubisho yakipanda kushika nafasi yake. Pepo zikitulia, mpaka kati ya maji ya joto na ya baridi huendelea kuyumba kwa miezi. Mwanafunzi wa uzamivu, ambaye mwaka wake wa kwanza umeishia kwenye pendekezo na vibali, hushuhudia misimu miwili ya namna hiyo, mitatu akibahatika. Kwa misimu miwili hawezi kujua kama mwaka mbaya ni mwaka mbaya tu au ni mwelekeo.

Kipimo rahisi kuliko vyote katika fani hii ni diski ya Secchi: kisahani kinachoshushwa majini kwa kamba hadi kisionekane, kina kikasomwa, kikavutwa juu hadi kionekane tena, kikasomwa mara ya pili, na wastani ukaandikwa. Thamani ya kipimo hicho huja pale kinaporudiwa mahali pale pale mwaka wa tano na wa kumi, na mtu anayejua kwamba kamba ya nailoni hurefuka ikilowa na kwamba ile ya zamani ilibadilishwa lini. Hayo hayaandikwi kwenye tasnifu, na mwenye kuyajua akiondoka huondoka nayo.

Ziwa Victoria limekwisha kutuonyesha gharama ya ujuzi na vipimo kukatika namna hiyo. Kituo cha utafiti wa uvuvi cha Jinja, Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1947 kilihudumia nchi tatu kwa pamoja, hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, sangara walilipuka kwa wingi na furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, wakaporomoka. Kwenye Ghuba ya Mwanza waliokuwa wakiwahesabu furu hao ni timu ya Chuo Kikuu cha Leiden, iliyoanza kazi mwaka huo huo wa 1977. Upande wa Uganda, Richard Ogutu-Ohwayo alichapisha mwaka 1990 uchambuzi wake wa kupungua kwa samaki wa asili katika maziwa ya Victoria na Kyoga, na aliweza kwa sababu alikuwa mtafiti wa Jinja, si mpita njia.

Hofu moja ya wapinzani ninaikubali: mtafiti anayelipwa kutoka nje huishia kujibu maswali ya nje. Lakini hali ya sasa haimlindi mtu na hilo. COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania, humtaka mtafiti mgeni awe na mshirika wa hapa, na mshirika anayefundisha muhula mzima huwa jina kwenye fomu. Mwenye miaka minne ya kukaa Kigoma au Kisumu, akiwa na mshahara wa kueleweka na bajeti ya mafuta, anaweza kumwambia mgeni kwamba swali lake halina maana mahali hapa.

Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka. Miezi hiyo iko katikati ya msimu wa pepo, na umri wa dagaa hauzidi sana mwaka mmoja. Kwa hiyo dagaa wakiongezeka baada ya ziwa kufunguliwa, sifa inaweza kuwa ya nyavu zilizopumzika au ya upepo uliovuma vizuri. Kutenganisha mambo hayo mawili kunahitaji miaka ya kufunga na ya kutofunga, ya upepo mkali na ya upepo hafifu, ikipimwa kwa mkono ule ule. Uzamivu wa mtu mmoja hautoshi kwa kazi hiyo, na katika muundo wa utumishi tulionao, kuanzia mwaka wa nne anayeifanya atakuwa darasani.